Mama wa Kwenye Karatasi

Nateete, 4 Machi 2024

Mama Onen,

Nakusalimu. Kwa siku sita nimekupigia simu na haipokelewi. Jana niliazima simu ya jirani, ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata. Basi naandika. Barua hii nimempa Goretti, yule mkunga aliyetukutanisha, kwa sababu ni yeye tu anayejua mlango wangu na wako.

Usiogope. Sitaki kitu chako.

Jumanne iliyopita niliitwa ofisi ya wakimbizi kwa ajili ya safari yetu ya Kanada. Miaka sita naingoja safari hiyo. Afisa akafungua faili, akasoma: "Marie-Jeanne Masika, fundi cherehani, mjane, watoto watatu." Nikasema wawili. Guerschom ana miaka kumi na minne, Exaucée ana tisa. Akasema, "Na huyu wa kiume aliyezaliwa Julai mwaka jana?"

Kumbe siku ile niliyojifungua, kliniki iliandika jina langu kuwa ndilo la mama, na namba ya kadi yangu ya ukimbizi chini yake. Kwa sheria ya hapa, aliyezaa ndiye mama, basi.

Nikamwambia ukweli. Nilimbebea mtu mimba, mbegu si yangu, mtoto yuko kwa wenyewe. Akaweka kalamu chini. "Una amri ya mahakama?" Sina. "Basi kwetu sisi una mtoto, na huwezi kutuonyesha alipo."

Mama Onen, wanadhani nimeuza mtoto.

Kuna wakili wa bure pale ofisini. Anasema twende mahakama ya watoto, wewe, mumeo na mimi, niape kwamba mtoto ni wenu. Asubuhi moja tu. Na uliniahidi jambo hili kabla sijajifungua, ukiwa umekaa kwenye kiti changu cha wateja. Vipimo vyetu vya afya vinaisha muda mwezi wa tano. Vikiisha, faili letu linarudi chini kabisa.

Nijibu.

Marie-Jeanne Masika


Bugolobi, 9 Machi 2024

Marie-Jeanne,

Una ujasiri. Goretti alinipa bahasha yako mbele ya mama mkwe wangu, yenye huo mwandiko wako wa mtoto wa shule. Ilinibidi niseme ni bili ya maji.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Leo unataka karatasi. Kesho utasema mtoto anafanana na Guerschom. Keshokutwa utasimama getini na huyo wakili wako wa bure, unalia ili majirani wasikie. Mimi nimekulia kambi ya askari, baba yangu alikuwa sajenti, na watu wa aina yako nimewaona tangu utoto. Wanaingia kuomba chumvi, wanataka kuondoka na sufuria.

Tulikubaliana nini? Ukishajifungua, hunijui, sikujui. Ulichopewa ulipewa, na hukulalamika.

Onen ni mwanangu. Bugolobi nzima iliniona na mimba. Kina mama wa kanisa walinipisha viti vya mbele. Mama Abwola, mama mkwe wangu, alitoka Kitgum na chupa ya moo yaa, mafuta ya kwao ya kukandia, kuja kunikanda mgongo. Sasa unataka nisimame mbele ya karani nitangaze kwamba sikuzaa? Kwa sababu wewe una hamu ya kuona theluji?

Mume wangu ni afisa wa polisi. Usinilazimishe kukukumbusha.

Helen Anena Oloya (Bi.)


Nateete, 12 Machi 2024

Mama Onen,

Asante kwa kuniambia kwamba Bugolobi nzima iliona mimba yako. Najua. Niliishona mimi.

Umesahau? Nilishona matumbo matatu. La kwanza la mwezi wa nne, sponji tupu. La pili la mwezi wa sita. La tatu nililitia kilo mbili za mchele ndani ya kitambaa, ili utembee ukiwa na uzito na watu waamini. Nilikuwa najipima mwenyewe kwa utepe, kisha nakata lako lilingane na langu. Ulikuja ukalalamika kwamba mshono unakuwasha. Langu mimi lilikuwa linanipiga mateke.

Wewe kanisani walikupisha viti vya mbele. Mimi kanisani kwangu walinitoa kwaya. Mjane mwenye mimba, walitaka waseme nini? Niliapa kwako kwamba sitamwambia mtu, nikanyamaza. Nikajifungua, nikarudi nyumbani mikono mitupu, na hapo ndipo majirani walipoacha kuniletea nguo za kushona. Mwanamke mmoja alimuuliza Exaucée kisimani, "Mama yako alimtupa wapi?" Mtoto wa miaka tisa.

Unaogopa nitamtaka mwanao. Sikia, simtaki. Simwoti. Maziwa yalipokauka nilimshukuru Mungu. Nilifanya kazi, kazi ikaisha. Nikimaliza gauni la bibi harusi namkabidhi anaondoka, sikai nikilia kwa sababu silivai mimi.

Ninayemshangaa ni wewe. Mtu mzima, mke wa afisa, unajiita mama, na unamwogopa karani.

Nasubiri tarehe utakayoweza.

M.-J. Masika


Bugolobi, 20 Machi 2024

Marie-Jeanne,

Matusi yako nimeyasoma. Hayakuniuma. Kilichoniuma ni lile neno moja, kwamba humwoti. Ana meno mawili sasa. Akisikia kijiko kinagonga kikombe anacheka mpaka anapaliwa. Na wewe unamlinganisha na gauni. Sijui nilitegemea nini kutoka kwako.

Lakini mimi si mtu mbaya, na nimekutafutia njia. Nimezungumza na Goretti. Anaweza kupata karatasi inayoonyesha kwamba mtoto uliyemzaa Julai alifariki wiki ya kwanza. Watoto wachanga wanakufa kila siku, hakuna atakayeuliza. Utaipeleka ofisini kwako, watakupa pole, watalifuta jina, na safari yako itakuwepo. Mimi nitamwandikisha Onen upya, kwamba nilijifungulia nyumbani.

Hakuna mahakama, hakuna wakili, hakuna aibu. Kila mtu anapata anachotaka. Ukikataa njia rahisi kama hii, nitajua kwamba tangu mwanzo ulikuwa na lingine moyoni.

Helen A. Oloya


Nateete, 22 Machi 2024

Mama Onen,

Nimeshazika mtoto. Alikuwa anaitwa Bénit, alikuwa na miezi mitano, homa ilimchukua tukiwa tunakimbia kwa miguu kwenye barabara ya Kasindi. Tulimchimbia kwa mfuniko wa sufuria. Hana karatasi. Hakukuwa na mtu wa kuandika kwamba alikuwepo duniani, wala kwamba ameondoka.

Na wewe unaniletea karatasi ya kifo cha mtoto anayekula uji?

Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama wewe ni mbaya au ni mjinga. Nimeona ni mjinga. Kwa hiyo nakueleza taratibu. Siku moja Onen atataka kwenda shule, atataka pasipoti, atataka kuoa. Mtu atafungua kompyuta na kukuta kwamba mtoto aliyezaliwa siku ile, kliniki ile, alikufa. Watamuuliza yeye ni nani. Wewe utamjibia nini? Utavaa sponji tena?

Nimemwandikia mumeo huko Moroto. Anwani ya kituo nimepewa na Goretti, ambaye inaonekana anampa kila mtu kila kitu.

M.-J. Masika


Moroto, 6 Aprili 2024

Kwa Marie-Jeanne Masika, Nateete.

Barua yako nimeipokea. Mke wangu alinihakikishia kwamba amri ya mahakama ilitoka tangu Agosti mwaka jana. Sasa najua hakwenda hata mlangoni. Hilo nitalimaliza naye.

Wewe sikiliza vizuri. Kisheria wewe ni mama uliyezaa mtoto kisha ukamtoa bila kibali. Kwa kosa hilo naweza kukuweka ndani leo. Sitaki. Nina njia fupi.

Mtoto ni damu yangu, na kipimo kitaonyesha hivyo. Yai lilitoka kwa mwanamke ambaye kliniki haimtaji jina, na Helen analijua hilo vizuri. Kwa hiyo Helen hana damu wala karatasi. Wenye haki ni wawili tu, mimi kwa damu na wewe kwa kuzaa, na wewe haki yako huitaki.

Nimeambatanisha hati ya kiapo. Inasema mimi ni baba, wewe ni mama, na unaniachia malezi yote mimi peke yangu. Tia sahihi. Wakili wangu ataipeleka, na wiki hiyohiyo faili lako litakuwa huru. Mtoto atakaa na mama yangu Kitgum. Helen hahitaji kutajwa. Mwanamke anayenidanganya kuhusu mahakama sina haja ya kumsimamisha mahakamani.

Hili si la kujadili.

Jasper Oloya
Mrakibu wa Polisi


Nateete, 10 Aprili 2024

Mama Onen,

Soma kwanza barua ya mumeo na hati yake, nimezikunja humu ndani. Kisha urudi kwangu.

Umesoma? Haya.

Hukuniambia kuhusu yai. Miezi yote ile umekaa kwenye kiti changu ukinieleza kwamba mtoto atakuwa na paji lako la uso. Mimi nikiitikia, kama mpumbavu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwa na haja ya kukuambia. Nilitaka kutia sahihi. Nilimwita Guerschom aniletee kalamu. Nilishaanza kuwaza mabegi. Kisha nikasoma pale walipoandika jina langu, na mbele yake neno "mama", nikaona naambiwa niape uongo ili nipate njia, sawasawa na ule uongo wako wa kifo. Tofauti ni kwamba safari hii anayeuawa kwenye karatasi ni wewe.

Usinishukuru. Sikupendi. Una kiburi, na mumeo amekuzidi kiburi na akili. Lakini miezi tisa mtoto yule ameamka kila siku mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo si mimi, wala si mrakibu aliyeko Moroto.

Wakili wangu amepata tarehe. Alhamisi, 25 Aprili, saa tatu asubuhi. Nitaapa na nitasema yote: yai, mimba, sponji, Goretti, yote. Njoo nawe useme yako. Usipokuja, Ijumaa naitia sahihi hati ya mumeo, kwa sababu nina watoto wangu wawili na siwezi kuwazeesha hapa kwa ajili ya aibu yako.

Njoo bila tumbo.

Marie-Jeanne


Bugolobi, 15 Aprili 2024

Marie-Jeanne,

Hati ya Jasper nimeisoma mara nne, nimekaa kwenye sakafu ya bafu nikiwa nimefungua bomba ili nisisikike.

Nilijua kuhusu yai tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Daktari aliniambia mayai yamekwisha, kama muuza duka anavyokuambia sukari imekwisha, huku akiangalia saa yake. Jasper alinishika mkono. Akasema, "Hili litabaki letu wawili." Nilidhani ananifichia. Kumbe alikuwa anajiwekea silaha.

Ndiyo maana sikwenda mahakamani. Pale wangeniuliza, "Na wewe, mama, ni nani katika jambo hili?" Ningejibu nini? Wewe ulikuwa na tumbo, yeye ana damu. Mimi nilikuwa na mchele kilo mbili.

Nimekudharau, ni kweli, na nilifanya bidii kukudharau. Ningekuona mtu wa kulingana na mimi, ningelazimika kukutazama machoni, na nilikuwa siwezi. Na mimi bado sikupendi. Ulimi wako mchafu na unafurahia kuutumia.

Mama Abwola nimemwambia jana. Sikutaka asikie kwanza kutoka kwa mwanawe. Alikuwa anamenya karanga sebuleni.

Nikasema, "Mama, mimi sikumzaa Onen."

Akaendelea kumenya. "Nani alimzaa?"

"Mwanamke wa Nateete. Mkongo."

"Na lile tumbo?"

"Sponji, mama."

Akaacha karanga. "Mafuta yangu ya moo yaa," akasema. "Nimetoka nayo Kitgum. Siku zote zile nilikuwa namkanda mgongo mtu aliyevaa godoro?"

Akainuka akaingia chumbani. Leo asubuhi amefungasha akaondoka bila kumbeba mtoto, bila hata kumtazama. Kwa siku zote alizokaa hapa hajawahi kumpita Onen bila kumbeba.

Nitakuja Alhamisi.

Helen


Nateete, 26 Julai 2024

Mama Onen,

Nakala ya amri imenifikia. Miezi mitatu nimekaa bila kukuandikia, kwa sababu nilitaka kwanza niishike mkononi.

Kwa hiyo jina langu limetoka. Malezi mmepewa wewe na mumeo, mtoto akae kwako, na mumeo asimpeleke Kitgum bila ruhusa ya mahakama. Nimeona hakimu hakukuandika mama. Amekuandika mlezi. Wakili wangu anasema sheria haina neno lingine la mtu kama wewe. Nilimwambia sheria ingemuuliza fundi cherehani, mambo mengine yanaunganishwa hata kama hayakukatwa kwenye kitambaa kimoja. Alicheka. Sikuwa natania.

Nataka kusema jambo kuhusu siku ile. Hakimu aliponiuliza mara tatu kama kuna mtu amenilazimisha, na wakili wa mumeo akawa anatabasamu, niligeuka nikakuona umeinamisha kichwa. Nilichukia. Nikasema moyoni, ndiye huyu niliyeikataa kalamu kwa ajili yake? Kisha wakakuita. Ukasimama ukasema, "Sikumzaa, na yai si langu. Nilidanganya kila mtu. Lakini huyu mtoto ninamlea mimi, na naomba mnipe ruhusa ya kuendelea." Karani mwenyewe aliacha kuandika. Siku ile sikukusifu. Nakusifu leo, mara moja, usizoee.

Vipimo vyetu viliisha muda, tukapimwa upya, na wakili akawaomba wasilirudishe faili chini. Jana afisa ameniita. Alisoma faili kwa sauti: mama mmoja, watoto wawili. Tunaondoka tarehe 9 Agosti. Kanisani wamenirudishia nafasi yangu ya kwaya, baada ya mchungaji kuiona amri. Nimekataa. Waimbe wenyewe.

Goretti anasema unataka nije kumwona mtoto kabla sijaondoka. Hapana. Nilimwona mahakamani. Ana masikio ya mumeo, pole. Nilikuambia mwezi wa tatu kwamba simwoti, na mwezi wa tatu ilikuwa kweli. Usiniulize zaidi ya hapo. Nikimshika nitakuwa nimeanza jambo nisilo na nafasi nalo ndani ya ndege.

Baki salama.

Marie-Jeanne


Port Bell, 2 Agosti 2024

Mama Guerschom,

Sitakuuliza.

Kama unavyoona hapo juu, tumehama. Nyumba ya Bugolobi ilikuwa kwa jina la Jasper, na Jasper ameniletea barua ya talaka kupitia kwa wakili. Tuna chumba na sebule, karibu na pale mabehewa yanapoingizwa kwenye feri. Onen anapiga makofi kila yanapogongana. Kina mama wa kanisa hawajaja hata mmoja. Nimepata kazi ya kusimamia stoo huko viwandani. Nikiwa kazini jirani anakaa naye. Sikuombi unihurumie, nakueleza tu kwa sababu watu wengine wa kuwaeleza sina, na hilo linaniudhi kama linavyokuudhi wewe.

Jumamosi iliyopita Mama Abwola alikuja. Bila simu, bila taarifa, alifika mlangoni na begi lake. Nikajua Jasper amemtuma kumchukua mtoto. Nilisimama mlangoni nikashika fremu kwa mikono miwili.

Akasema, "Nipishe, miguu inauma."

Akaingia akakaa. Siku tatu hakunisemesha zaidi ya kuomba maji. Mtoto hakumgusa. Onen alikuwa anatambaa mpaka miguuni pake, anashika sketi yake, yeye anatazama ukutani. Mimi napika, tunakula.

Siku ya nne Onen aliamka na homa, mwili moto, hataki kunyonya chupa. Mama Abwola akamtazama, akainuka, akavua kitenge chake akamfunga mgongoni mwake bila kuniambia neno. Tukaenda zahanati kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma kama mfanyakazi wa ndani.

Pale dirishani nesi akauliza jina la mtoto. Nikasema Onen. Akauliza umri. Nikasema mwaka mmoja na wiki. Akauliza, "Jina la mama?"

Nikafungua mkoba nitoe ile amri, nimweleze habari ya mlezi. Karatasi ikakwama kwenye zipu.

Mama Abwola alininyooshea kidole bila kunigeukia.

"Huyo hapo. Helen Anena. Mwongo, hana hata haya. Andika."

Nesi akaandika.

Helen